Mzinga wa Mtu Aliye Hai

Mzinga ule ulinigharimu tyubu moja ya baisikeli, magunia mawili yasiyo na tundu hata moja, kitambaa cha kichwa cha rangi ya samawati, na jicho la kushoto, ambalo lilifumba wiki nzima. Nimehesabu, kisha nikahesabu tena, maana nikihesabu mara moja huwa nasahau kitu, na hicho ninachokisahau ndicho huwa ghali. Asali iliyotoka ndani yake mwishowe haikujaza sufuria. Mtu wa biashara akisikia hesabu kama hiyo atakushika mkono akupeleke kwa daktari. Mimi ni mtu wa biashara, na ningelipa tena.

Niliolewa Riruta nikiwa msichana mwenye mdomo. Mume wangu alikuwa seremala katika karakana ya Mhindi mmoja mjini, kule chini River Road. Siku za kazi alitengeneza viti ambavyo hangekalia. Jumapili, baada ya kanisa, alijitengenezea mizinga. Alichukua gogo la mringaringa akalichimba kwa tezo mpaka likawa na uwazi kama ngoma, akaweka vifuniko pande zote mbili, akaacha kitundu cha nyuki kupitia. Akaunguza alama yake ubavuni kwa chuma cha moto: mistari miwili na nukta. Mizinga ya marehemu baba yake ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa ndugu. Huu ulikuwa wake peke yake, na aliutundika juu ya mti kando ya kijito, chini ya shamba la mama yake.

Kazi ya kurina ilikuwa yake, ya kuuza yangu. Asali ilikuwa na wateja wa kila namna siku hizo. Memsabu wa Kizungu wa Westlands alitaka iliyochujwa mpaka uone kidole chako upande wa pili wa chupa. Wazee waliotaka kutengeneza pombe ya mahari hawakujali rangi, na nyuki waliozama ndani waliwahesabu kama nyongeza. Nta niliipeleka kwa fundi viatu apake uzi wake. Nyuki alifanya kazi mara moja, mimi nikauza mara tatu, na mume wangu akasema kama wangejua, wangenidai.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Asubuhi moja mume wangu alikwenda kazini, na jioni hakurudi. Watu waliniambia mji ulizungukwa na askari, wanaume wakapakiwa kwenye malori. Walikopelekwa, kila mtu alitaja mahali pake. Niliuliza kila ofisi iliyokuwa na dirisha. Barua haikuja.

Sisi tuliobaki tulisogezwa kwenye kijiji kipya chenye handaki pande zote, nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya, jirani ndiye anayejifuta. Nilikaa chumba kimoja na mama mkwe wangu. Kukawa na kafyu. Sasa, asali hurinwa jua likishatua, nyuki wakiwa wamelegea, kwa mwenge wa moshi. Sisi jua likitua tulitakiwa tuwe ndani, na moshi kando ya kijito ulileta bunduki kabla ya kuleta asali. Wengi wenye mizinga waliacha. Waliojaribu mchana ungewatambua sokoni kwa midomo yao iliyovimba. Halafu mashamba ya kahawa nayo yakaanza kupulizwa dawa, na chini ya mizinga mingine ulikuta nyuki wamekufa wamelala kama makapi ya wimbi. Asali ikaadimika. Ilipoadimika, bei ikapanda. Bei haina haya. Hupanda hata msibani.

Na kando ya kijito mzinga wa mume wangu uliendelea kujaa. Nilipoteka maji niliugonga kule juu ya mti kwa fimbo ndefu. Mzinga mtupu hulia kama debe. Ule ulinijibu kama tumbo la mtu aliyeshiba.

Mwenye duka mmoja mjini, ambaye nilimuuzia tangu zamani, alinivuta kando. "Mama, wewe leta debe moja tu. Mimi nakupa bei hujapata kuona." Akaitaja. Mimi nikafanya kama kawaida yangu, nikacheka kwa huzuni, nikatembea hadi mlangoni. Akaniita. Nikaenda tena mlangoni. Akaniita tena! Mtu yule hakuwa amewahi kumwita mtu mara mbili, hata mwanawe. Nilirudi Riruta nimeishika ile bei mdomoni kama peremende.

Nilimkuta mama mkwe akimenya nduma, yaani magimbi.

"Mama," nikaanza, "kuna mpishi mmoja Spring Valley anajua sana kurina. Naweza kumwomba aje atufungulie mzinga."

"Mzinga upi?"

"Ule wa kijitoni."

"Ule una mwenyewe."

"Mwenyewe hayuko, Mama."

Kisu kikasimama. "Hayuko hapa," akasema, "au hayuko?"

Akarudia kumenya, polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo.

"Wewe umetoka upande wa pili wa bonde, pengine kwenu hamkuwa na nyuki. Hapa mzinga wa mtu aliye hai haufunguliwi na mwingine. Akiufungua ndugu, akiufungua mke, wamesema matanga yamekwisha. Mizinga ya baba yake tuliifungua lini? Si baada ya kumzika? Sasa wewe unataka nimzike mwanangu kwa debe moja?"

Ulimi wangu umezoea soko. Ulitoka wenyewe. "Debe moja na nusu, Mama. Umejaa."

Alinirushia ganda la nduma likanipata shavuni. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu, na sikuweza kujua ni wakati gani kicheko kiligeuka. Nilichukua kisu nikamaliza nduma. Habari ya bei hatukuizungumza tena. Lakini usiku niliilalia, sitaki kusema uongo. Tulikuwa na blanketi moja na Julai ilikuwa inakuja.

Kabla ya Julai ikatangulia amri. Miti na vichaka vyote kando ya kijito vikatwe, askari waone mpaka ng'ambo. Mkuu wa homugadi, wale walinzi wa kijiji, alipita na rungu akionyesha: huu, na huu, na huu. Ule wenye mzinga ulikuwa miongoni mwake.

Mama mkwe alikwenda kukaa chini ya mti ule na kikapu chake, akawa anasuka, akirudi ule muda tulioruhusiwa kuwa nje ulipokwisha. Mimi nikaenda kwa yule mkuu kufanya ninachokijua. Nikaanza na kuku. Nikapanda hadi kuku wawili na shati la mume wangu ambalo halikuwa limevaliwa hata Krismasi. Alinisikiliza vizuri kabisa, amekunja mikono.

"Mama," akaniambia, "huo mti hauna bei. Ungekuwa na bei, haki ya Mungu ningekuuzia."

Nilirudi nimechanganyikiwa. Nilikuwa sijawahi kukutana na kitu kisicho na bei, na sasa nilikuwa na viwili, kimoja kimetundikwa juu ya kingine.

Kama mti haukai, basi mzinga uhame, na uhame ukiwa umefungwa. Hapo ndipo nilipomwendea yule mpishi.

Alikuwa mtu wa Kakamega, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Nilimpelekea mayai na sukuma wiki kwenye mlango wa jikoni, na kila yai alilitumbukiza kwenye maji kwanza, akiniangalia machoni. Aliniita shemeji tangu siku mume wangu alipomtengenezea sanduku la nguo na kumpunguzia bei bila kuniuliza.

"Kuhamisha nyuki?" akasema. "Shemeji, hiyo ni kitu ndogo. Kwetu mzinga uko karibu na nyumba, mtoto anazaliwa anakuta nyuki wanamngoja. Nyuki si mzito. Ile mzito ni hasira yake."

"Na tutaupeleka wapi?"

Alitikisa kichwa kuelekea bustanini. "Huyu memsabu wangu analia kila mwaka, plamu yake inatoa maua haitoi tunda. Mimi nitamwambia nyuki ndiyo dawa. Iko mti nzuri kule mwisho, mbali na veranda."

Memsabu alikubali, kwa sharti apate nusu ya asali. Nilikubali papo hapo, bila kubishana, hata mpishi akanitazama kama mtu aliyeugua. Ni rahisi kumpa mtu nusu ya kitu ambacho hakitafunguliwa.

Shida ilikuwa saa. Mzinga huhamishwa jioni nyuki wote wakiwa wamerudi, na jioni haikuwa yetu. Ni mama mkwe aliyepata jibu. "Ngojeni ukungu," akasema. "Siku ya manyunyu nyuki hatoki. Hata yeye anajua baridi ya Julai." Ikatubidi tungoje manyunyu huku mashoka yakisogea, mti kwa mti, kutoka upande wa juu. Sijawahi kuomba mvua kwa bidii hivyo, na sikuwa hata na mbegu ardhini.

Manyunyu yalikuja siku ya mapumziko ya mpishi, yale ya Riruta ambayo hayanyeshi wala hayaachi, yanasimama tu hewani. Alifika na baisikeli yake. Alipanda, akaushusha mzinga kwa kamba ya katani, na sisi wanawake wawili tukaupokea kama maiti au kama mtoto, maana wote hupokelewa namna moja. Kile kitundu cha kupitia nilikiziba kwa kitambaa changu cha kichwa ili wapate kupumua. Nyuki mmoja alikuwa na haraka kuliko mimi. Akanichoma kwenye kope.

"Huyo ni wewe anakusalimu," akasema mpishi.

"Mwambie nimeitika."

Tuliuviringisha kwa magunia, tukaufunga kwenye keria. Mama mkwe aliweka kiganja chake juu ya gunia, mahali ilipokuwa ile alama. "Mwanangu," akasema, "unahama kidogo." Halafu akachukua kikapu chake akatangulia kurudi kijijini bila kutazama nyuma, kama mtu aliyesindikiza mgeni.

Mpishi alisukuma, mimi nikashikilia nyuma. Kawangware tyubu ikapasuka kwa uzito, tukanunua nyingine kwa fundi ambaye aliona jicho langu, akaona mzigo unaounguruma, akataja bei ya mtu anayetaka muondoke upesi. Nilimlipa. Siku hiyo, nakwambia, nilikuwa nalipa tu.

Tulipofika ile barabara kuu tunayoiita Waiyaki Way leo, palikuwa na kizuizi. Gogo limelazwa barabarani, askari wawili, na mbele kidogo Landrova ambamo Mzungu kijana alikuwa akinywa chai. Askari mmoja, mtu mzima, mwenye lafudhi ya Ukambani, akainua mkono.

"Simama! Pasi."

Tulimpa. Pasi ya mpishi ilikuwa safi. Yangu ilisema nauza mboga kwa Wazungu. Akaitazama pasi, akautazama mzigo.

"Hii mboga gani?"

"Ni nyuki, Afande," nikasema.

"Nyuki." Akamgeukia mwenzake. "Anasema ni nyuki." Akanigeukia. "Wiki iliyopita mwingine alisema amebeba mgonjwa. Fungua."

Mpishi akaanza kueleza habari ya plamu. Mimi nikasimama mbele ya keria. Wakati ule niligundua jambo la ajabu: kuchomwa sikukuogopa, wala bunduki sikuiogopa sana. Niliogopa kifuniko kile kung'oka mbele ya macho yangu. Mimi, niliyekuwa nimeilalia bei yake usiku kucha.

"Afande, usifungue. Weka sikio."

"Nini?"

"Weka sikio tu. Kama si nyuki, nifunge."

Alinitazama jicho lililovimba. Hilo, nadhani, ndilo lililokuwa pasi yangu ya kweli. Akainama, akavua kofia, akaweka sikio juu ya gunia. Manyunyu yalimwangukia kwenye upara. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji. Uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu aliye nyumbani kwake.

"Wamejaa," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa wamejaa sana. Kwa nini hamjarina?"

"Si wangu. Una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikaangalia upande wa mji. Akautazama mji kule chini, kisha Landrova, kisha mimi. Alielewa, nani hakuelewa mwaka ule?

"Yuko hai?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo waziwazi. Mama mkwe aliniuliza kwa kisu na nduma, na nikanyamaza. Kwenye madirisha ya ofisi mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza. Sasa mtu mwenye bunduki alikuwa amesimama na kofia mkononi akingoja jibu langu, na nikasikia sauti yangu ile ya sokoni, ile isiyopunguza hata senti moja.

"Yuko hai."

"Basi," akasema. Akavaa kofia. Akapaza sauti ili Landrova isikie: "Mboga! Pitisha!" Na tulipokuwa tukivuka gogo akaongeza kwa mpishi: "Yeye akirudi akirina, mimi ninadai chupa."

Tuliutundika mzinga kule mwisho wa bustani ya Spring Valley. Memsabu aliniuliza asali itakuwa tayari lini. Nikamwambia mwenyewe akirudi. Akauliza atarudi lini. Nilitaka kumwambia awaulize watu wake, nikasema, "Karibuni, Memsabu." Plamu zilizaa vizuri mwaka uliofuata, naye akaacha kuuliza.

Tangu hapo kila nilipopeleka mayai nilikwenda mpaka mwisho wa bustani nikasikiliza. Jioni mama mkwe alinipokea kwa swali moja tu.

"Wanasemaje?"

"Wanalalamika, Mama."

"Vizuri. Anayelalamika yuko hai."

Tukala.

Alirudi alasiri moja, baada ya miaka ambayo nimekwisha kuihesabu mara mbili na sitaki kuihesabu ya tatu. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, limempwaya. Mama yake hakupiga kelele. Alimwekea uji, akakaa mbele yake mpaka akamaliza, akamwambia: "Mzinga wako uko Spring Valley. Umejaa. Mkeo nusura auuze."

Mume wangu akaniangalia. "Kwa ngapi?"

Nikamtajia ile bei. Akatikisa kichwa. "Ungepata zaidi," akasema, na yalikuwa ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema siku hiyo.

Alipopata ruhusa ya kutembea tulikwenda. Mpishi alishikilia ngazi na mwenge. Mara mbili kifuniko kilimshinda mume wangu, mtu aliyekuwa akichonga mguu wa kiti bila kupima, na mpishi akaanza kuimba wimbo wa kanisa taratibu ili asionekane anaona. Kifuniko kiling'oka. Masega yalikuwa meusi, ya zamani, na nondo walikuwa wamekula karibu nusu. Tulichopata hakikujaza sufuria. Memsabu alipewa nusu yake kwenye kikombe. Alikubali kwamba ahadi ni ahadi.

Kwenye kitundu mume wangu alikuta kipande cha kitambaa, kimegandishwa na gundi ya nyuki, bado kina rangi ya samawati pembeni.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa cha shilingi nne. Utanilipa."

Hapo akacheka. Kicheko kilikuwa na kutu, lakini kilikuwa chake, nilikitambua. Sega la kwanza alilifunga kwa jani, akalibeba mpaka Riruta, akalimega mkononi mwa mama yake. Mama mkwe alilitafuna macho yamefumbwa. Akatema nta kiganjani, akaitazama.

"Kali," akasema. "Nyeusi. Asali ya mtu aliyechelewa." Akanyoosha mkono aongezewe.

Chupa ya yule askari niliipeleka mwenyewe kwenye barabara ile. Gogo lilikuwa limeondolewa, kizuizi hakipo, na hakuna aliyejua alikohamishiwa. Nilirudi nayo. Ndiyo deni pekee nililoshindwa kulipa.

Mama mkwe alituacha zamani. Mzinga tuliurudisha Riruta, ukakaa nyuma ya nyumba, na mume wangu aliurina kila msimu mpaka magoti yakamkatalia ngazi, kisha akawa anakaa chini yake kwenye kiti alichojitengenezea hatimaye. Masika haya yaliyopita nilimzika.

Nyuki wako pale bado. Shamba sasa ni vyumba vya kupangisha, na wapangaji wananiambia, kwa heshima, shosho, yaani bibi, watoto wataumwa. Wanangu wamenitafutia mtu wa kuja kuurina na kuuchukua, na bei anayotaja si mbaya. Nimekwenda hadi mlangoni mara mbili, naye ameniita mara mbili. Kwa desturi ya nyumba ile sasa ninaruhusiwa. Mwenyewe amekwenda. Nikiufungua, nimesema matanga yamekwisha. Nisipoufungua, nondo watakula, na mimi sijawahi kupenda hasara.

Lakini asubuhi nikiweka sikio, bado wanalalamika.

Nyinyi mnaojua nyuki, na nyinyi mlioachwa na watu wenu mkajua lile lingine: nifungue, au niungoje msimu mmoja zaidi? Nishaurini. Nimehesabu mara mbili, na kila mara napata jibu tofauti.